Uzi Hukatwa Mara Moja

Kila alasiri alipotoka shuleni, Burulai alivua sare, akachota maji kwenye bomba la mwisho wa barabara, akawarudisha ndama kutoka kando ya mto, kisha akaingiza ndani mavi makavu ya ng'ombe ya kuwashia jiko. Kwa kawaida alizifanya kazi hizo akiburuta miguu. Lakini juma lile alizifanya mbiombio, mpaka maji yakaruka kutoka kwenye ndoo na kumlowesha viatu.

"Huyu mtoto ana nini?" Bibi Saadat aliuliza kutoka kizingitini. "Anakimbia kama anayefukuzwa na mbwa."

"Ana kamera, Mama," mama yake Burulai alimjibu mkwewe huku akicheka. "Hiyo inafukuza kuliko mbwa."

Kamera yenyewe ilikuwa ndogo, ya kutosha kiganjani, nyeusi, yenye kioo nyuma. Baba aliituma kutoka Urusi, alikokuwa akijenga maghorofa, kwa mkono wa jirani aliyekuwa akirejea kwao Naryn. Alipopiga simu, sauti yake ilikuwa ya mtu anayejikaza.

"Burulai, mwanangu, nimenyimwa ruhusa. Jumamosi sitakuwepo. Wewe ndiye utakuwa macho yangu. Nataka nimwone Eldiyar akikatwa uzi."

Eldiyar, mdogo wake Burulai, alikuwa ameanza kusimama dede. Na mtoto wa kwao akishasimama dede, hufungwa miguuni uzi uliosokotwa kwa sufu nyeusi na nyeupe. Watoto wengine hushindana mbio, na anayetangulia kufika huukata uzi huo, ili njia ya maisha ya mtoto ifunguke. Jambo hilo hufanyika mara moja tu. Atakayekosa kuliona, amelikosa.

"Usiwe na wasiwasi, Baba," Burulai alisema, moyo ukimdunda kwa furaha. "Utaona kila kitu!"

Kubat, mtoto wa mjomba wake, alikuwa ameegemea ua akisikiliza. Alikuwa mrefu kuliko Burulai, na hakuwa na haya ya kumchokoza.

"Unajua kuitumia hiyo, au unajua kuishika tu?"

"Ninaijua sana!"

"Haya, niambie umeiwekaje."

Burulai alibonyeza kitufe cha menyu. Orodha ndefu ya maandishi ya Kirusi ikajitokeza: ukubwa wa picha, idadi ya picha kwa sekunde, ubora, mwendo wa polepole. Mengine aliyaelewa, mengine aliyapita tu. Kila mahali palipokuwa na namba, alichagua iliyokuwa kubwa kuliko zote.

"Nimeweka kubwa kabisa," alisema akiinua kidevu. "Picha itakuwa kama ya kwenye sinema."

"Hata hujajaribu!"

"Kujaribu nini? Kubwa ni kubwa."

Alhamisi alasiri ndugu walikusanyika nyumbani kumtazama Bibi Saadat akisokota ule uzi. Mjomba Joldosh, baba yake Kubat, alikuja na mkewe na sahani ya boorsok, vipande vya unga vilivyokaangwa vikavimba. Bibi alikaa karibu na dirisha, akashika sufu nyeusi kwa mkono mmoja na nyeupe kwa mwingine.

"Bibi, anza sasa!" Burulai alisema, kamera ikiwa usoni.

Bibi alianza kusokota huku akimwombea mjukuu wake. Burulai aliona mikono ile yenye mikunjo ikijaa kwenye kioo, akatamani kuruka kwa furaha. Mara kamera ikalia pii, ikaacha kurekodi yenyewe. Kwenye kioo palikuwa na maneno kwamba kadi ya kuhifadhia picha haiwezi kupokea kwa kasi ile.

Aliingia kwenye menyu kwa pupa, akabonyeza hiki na kile, akafika kwenye mwendo wa polepole. Safari hii kamera haikukatika. Alirekodi mpaka uzi ukaisha kusokotwa.

"Nionyeshe basi," Bibi alisema. "Nijisikilize nilivyoomba."

Wote wakasogea. Kwenye kioo Bibi alionekana akifumbua mdomo polepole sana, akiufumba polepole sana, kama ng'ombe anayecheua. Sauti haikuwepo hata chembe.

Kubat alianza kucheka, akajiziba mdomo. Mkewe Mjomba akashindwa kujizuia. Mwisho Bibi mwenyewe akacheka mpaka machozi.

"Maksat mwanangu atadhani mama yake anatafuna nyasi!"

Burulai peke yake hakucheka. Masikio yalimwaka moto. "Kamera ni mbovu," alisema. "Baba ameuziwa mbovu."

"Basi jambo hili lisichezewe," Mjomba Joldosh alisema. "Jumamosi Kubat atarekodi kwa simu. Uzi ukishakatwa hatutamfunga mtoto tena ati tupige video. Hiyo ni mikosi."

Mama aliweka birika chini, akamtazama binti yake bila ukali.

"Burulai, kamera ni mbovu, au hatujaijua?"

Ndugu wote wakamgeukia. Burulai alitamani kusema tena kwamba ni mbovu, maana neno hilo lilikuwa jepesi. Lakini alimkumbuka baba, akisubiri mbali vile.

"Sijaijua, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikisia tu. Niliona namba kubwa nikadhani ndiyo nzuri. Sikujaribu hata mara moja. Baba hajauziwa mbovu."

"Sawa," Mama alisema. "Kesho una alasiri nzima. Ukijua, utarekodi wewe. Usipojua, uje uniambie hivyohivyo, atarekodi Kubat."

Kesho yake, ndama walipokwisha kufungwa, Burulai alitoka uani na kamera. Alimkuta Kubat ameketi juu ya ua, akining'iniza miguu.

"Umekuja kunicheka?"

Kubat alijikuna kisogo. "Hapana. Sikiliza, usimwambie baba. Simu yangu imejaa michezo, haina nafasi hata ya nzi. Na kioo cha kamera yake kimepasuka. Nikirekodi mimi, shangazi atanichinja."

Burulai aliangua kicheko. "Kumbe! Jana ulikaa kimya ukapewa kazi!"

"Wewe ulishasema hujui. Mtu wa pili kusema hivyo anaona haya zaidi. Haya, unataka nifanye nini?"

"Kimbia."

"Wapi?"

"Kutoka kwenye zizi mpaka hapa. Mimi nitabadilisha kitu kimoja. Utarudi, utakimbia tena. Nikibadilisha vitu viwili kwa pamoja, sitajua kipi kimeleta nini."

Kubat akakimbia. Kwanza Burulai aliweka idadi ya kawaida ya picha kwa sekunde na ukubwa wa picha wa juu kabisa, akaiona tena kamera ikilia pii kabla Kubat hajafika katikati ya uwanja. Akasoma maneno ya kwenye kioo polepole, neno kwa neno, akaelewa. Kamera haikuwa na kosa. Kadi iliyokuja nayo ilikuwa ya kasi ndogo, nayo ilikuwa ikimiminiwa picha nzito kama gunia lenye mdomo mwembamba.

Akashuka hatua moja katika ukubwa wa picha. Kubat akakimbia, kamera ikarekodi mpaka mwisho. Lakini miguu yake ilionekana imevurugika, kama ina vivuli. Burulai akaacha ukubwa uleule wa picha, akaongeza idadi ya picha kwa sekunde.

"Tena!"

"Wewe! Mimi ni farasi?"

"Farasi halalamiki!"

Walipotazama safari hii, wote wawili walipiga kelele. Kila hatua ya Kubat ilionekana wazi, hata kidole kikichungulia kwenye soksi iliyotoboka. Na sauti ilikuwepo: kishindo cha viatu, mbwa akibweka, Kubat akihema.

"Ni hii! Ni hii!" Burulai aliruka.

"Tayari, tumemaliza," Kubat alisema, akijitupa chini.

"Bado."

Alijaribu namba ndogo kabisa. Uso wa Kubat ukawa kama kiraka cha sufu. Alijaribu kuvuta picha kutoka mbali kwa kitufe. Uso ukavunjikavunjika, akaona ni heri kusogea kwa miguu. Alijaribu ndani ya nyumba, akagundua kwamba ule mpangilio uliofaa uani ulitia giza chumbani, na humo ndani picha chache kwa sekunde zilifaa zaidi. Mwisho alimfunga Kubat miguu kwa kamba, naye akatembea kama bata kumwigiza Eldiyar. Burulai aliposimama, alipata utosi tu. Alipopiga magoti, alipata uso, miguu na kamba, vyote pamoja.

Mama alipotoka kukamua, alimkuta Burulai amepiga magoti kwenye vumbi na Kubat akirukaruka kama chura. Hakuuliza kitu. Burulai alimletea kamera mwenyewe, akamwonyesha, akamweleza kipi kimeshindwa na kwa nini.

"Kesho utarekodi wewe," Mama alisema.

Jumamosi jua lilitoka kali. Katika uwanja wa majani nje ya kijiji lilitandikwa zulia la sufu, na Eldiyar akasimamishwa juu yake katika kofia mpya, uzi wa Bibi ukiwa vifundoni. Bibi alimshika mkono mmoja, Mama mwingine. Watoto walipangwa mstari mbali, karibu na miti mirefu, Kubat akiwa kati yao akijinyoosha kama shujaa.

Burulai alikuwa akiiangalia kamera kwa mara ya mwisho Mjomba Joldosh alipomjia, kifua mbele.

"Umeweka ipi?"

"Ya pili kutoka juu, Mjomba."

"Ya pili? Shemeji yangu amelipia nzima, wewe unamtumia nusu? Weka kubwa kabisa! Tusije tukaaibika."

Burulai aliishika kamera kwa mikono miwili. Mjomba ndiye mkubwa wa shughuli ile, na sauti yake haikuzoea kupingwa. Watu walikuwa wakiwatazama.

"Mjomba, nisamehe," alisema akiinamisha kichwa. "Nimeijaribu ile kubwa. Inakatika mbio zikiwa katikati. Ikikatika leo, hatuwezi kumfunga tena Eldiyar. Kama unataka nikuonyeshe, nitakuonyesha sasa hivi."

Mjomba alifungua mdomo ili apinge, akaangalia uzi miguuni mwa mtoto, akaghairi.

"Umeijaribu wewe mwenyewe?"

"Mimi na Kubat. Mwulize miguu yake inavyomuuma."

Mjomba aliguna. "Haya. Kazi ni yako." Akageuka na kuwapungia watoto mkono.

Burulai alibonyeza kitufe kabla mbio hazijaanza, akapiga magoti kando ya zulia. Watoto wakafyatuka! Vumbi likapanda, wanawake wakapiga vigelegele. Kubat alitangulia, lakini nyuma yake alikuja Sezim, binti mdogo wa jirani, aliyevua viatu akavibeba mikononi. Walipokaribia zulia, wageni walisogea mbele kutazama, na joho la mwanamke mmoja mnene likaziba kila kitu.

"Shangazi, nipishe! Tafadhali, nipishe!" Burulai alipaza sauti, akajisogeza kwa magoti mpaka akaona tena. Sezim alikuwa amefika! Bibi alimpa kisu kidogo. Uzi ukanyooka, ukatetemeka, ukakatika. Kipande kimoja kikaanguka upande huu, kingine upande ule.

Eldiyar alitazama miguu yake. Akatazama watu. Kisha akaona sahani ya boorsok ukingoni mwa zulia. Akaachia mkono wa Mama, akaachia kidole cha Bibi, akatembea. Alipepesuka, akatua, akaendelea, mpaka akafika kwenye sahani na kujaza viganja viwili. Kicheko kikavuma uwanja mzima. Burulai alikuwa akicheka na kulia, lakini mikono yake haikutikisika.

Waliporudi nyumbani, walihamishia video ile kwenye simu ya Mama, wakamtumia Baba. Ilichukua muda kufika. Kisha simu ikalia, na nyuma ya sauti ya Baba zilisikika sauti za wanaume wengi.

"Tumeiona! Chumba kizima tumeiona!" Baba alipiga kelele. "Burulai, nimeona uzi ulivyotetemeka! Nimemsikia mama yangu akisema bismillahi! Wenzangu wananiomba niirudie, huyu wa kutoka Osh analia na wala mtoto si wake!" Akashusha sauti. "Mwanangu, nilikuwa hapo. Asante."

Burulai aliikumbatia kamera kifuani. Mjomba Joldosh, aliyekuwa akinywa chai, alikohoa.

"Mimi ningeharibu," alisema. "Nilitaka kubwa."

"Hata mimi nilitaka kubwa, Mjomba," Burulai alisema.

Mama alimvuta binti yake karibu. "Kubwa si kosa, kama lina kazi yake. Lakini kilicho bora ni kile kinachofaa kwa kazi iliyo mbele yako, na hukijui mpaka ukijaribu kabla ya siku yenyewe. Wewe jana ulikijua kwa sababu juzi ulikubali, mbele ya watu wote, kwamba hujui. Anayesema 'najua' na hajui, hujifungia mlango wa kujifunza. Kumbuka hilo, mwanangu, hata siku ambayo hutakuwa na kamera mkononi."

"Nitakumbuka, Mama."

"Basi mkumbuke na mtoto!" Bibi Saadat alipaza sauti kutoka jikoni. "Nani anamwangalia Eldiyar? Ameshafika barabarani!"

Wote wakainuka kwa pamoja, wakatoka mbio.