Msalaba wa Bibi Emérance

Kila mwaka, siku moja kabla ya sala ya marehemu wote, Bertille na mama yake hupanda makaburini, juu ya mji wa Kalemie, kupalilia kaburi la bibi. Safari hii Mama alibaki kupika, maana baba wadogo walikuwa wanakuja kwa mashua kutoka Moba. Bertille akaenda peke yake na jembe na chokaa.

Mvua zilikuwa zimeanza. Majani yalilifunika kaburi la bibi mpaka kwenye mikono ya msalaba. Kando yake palikuwa na kaburi linalofanana nalo, halina msalaba, lakini limepaliliwa vizuri.

"Bertille! Kamba inakungoja," rafiki yake Pélagie akaita kutoka chini. "Ama umehamia huko?"

Bertille akatazama huku na huku. Akaung'oa msalaba wa bibi, akauchomeka kwenye kaburi safi, akayapaka chokaa mawe ya pembeni, kisha akakimbilia kuruka kamba.

Kesho yake jamaa wote walilizunguka kaburi lile. "Mnaona binti yangu?" Papa Florent akajisifu, akinyoosha koti lake la abakosti. Bertille akatazama vidole vya miguu yake.

Mara akaja mama mmoja mzee, Mama Hortense, amebeba msalaba mpya. "Samahani, Papa. Hapa njo pa mume wangu. Msalaba wake uliliwa na mchwa. Jana asubuhi nilipalilia mwenyewe."

"Soma, Mama," Papa akajibu kwa upole, akionyesha jina lililoandikwa msalabani. "Emérance. Ni mama yetu."

Mama Hortense akafikicha macho. "Basi ni macho yangu. Uzee huu!" Akaligeukia kaburi lenye majani, akainama, akaanza kuyang'oa kwa mikono.

Bertille hakuweza kuvumilia. "Mama, macho yako ni mazima! Mimi ndiye niliyehamisha msalaba. Bibi yuko huko kwenye majani."

Watu wakageuka kumtazama. Kisha Mama Hortense akacheka mpaka kitenge kikalegea. "Maskini mume wangu Théophile! Usiku kucha ameitwa Emérance!"

Wote wakacheka, isipokuwa Papa. Yeye alimpa Bertille jembe. Bertille akalima mpaka jasho likamtoka, na misalaba miwili ikasimama kila mmoja mahali pake.

"Bibi hawezi kukagua kazi yako," Papa akasema, sasa akitabasamu. "Kazi ya namna hiyo ndiyo ya kufanya vizuri zaidi. Lakini umesema kweli kabla hujaulizwa. Hilo angelifurahia."

"Na mwaka ujao," Mama Hortense akaongeza, "tutapalilia pamoja. Mume wangu nitamlinda!"