Posa ya Injini ya Lita Moja

Bi Mahfoudha wa Ansab, mtaa wa Maskati, hakuwa mtu mbaya. Alipenda magari makubwa tu. Gari la mumewe, Sleiman, lilikuwa la silinda nane, na walilipanda hata kwenda kununua mkate duka la jirani.

Sasa binti yao Hajar alikuwa ameposwa. Mposaji, Khattab, ni daktari wa meno, mtoto wa watu wa Unguja, anafanya kazi Ureno. Jibu lilitakiwa Ijumaa. Hajar alikwisha kumridhia, hata akawa anajichekea peke yake jikoni. Ndipo ikaja picha ya gari la Khattab.

"Mbona kidogo hivi?" aliuliza Bi Mahfoudha.

"Injini yake lita moja tu, mama," alijibu Hajar kwa fahari.

"Lita moja! Tangi linajaa kwa chupa ya maji? Huyo kafilisika! Nnataka anunue gari ya silinda nane kwanza. Asipotaka, posa hapana."

Hajar akaingia chumbani analia. Sleiman akajitia kutafuta funguo, na funguo zimo mkononi mwake.

Jioni akaja jirani yao, Bi Nawar, kunywa kahawa. Mumewe aliwahi kufanya kazi ubalozini Ureno, na huko Bi Nawar ndiye aliyeendesha nyumba na gari. Aliposikia habari ya chupa, kahawa ilimpalia.

"Shoga, lita ya injini si lita ya mafuta! Ni ukubwa wa nafasi ndani ya injini, pale mafuta yanapoungua. Tangi mbali, injini mbali."

"Haya. Lakini daktari mzima apande kibiriti?"

"Kule gari inatozwa kodi kwa ukubwa wa injini na kwa moshi wake. Injini ikizidi, kodi inazidi, siku unayonunua na kila mwaka. Nchi nyingine za Ulaya zina vipimo vyao, lakini gari kubwa haisalimiki. Na mafuta nayo yana kodi. Kwa bei ya lita moja kule, hapa unapata karibu lita tatu."

"Wenye pesa nao wanapanda vidogo?"

"Wengi wao, wallahi. Wanachagua kwa hesabu, si kwa macho ya majirani. Na sharti lako halimuumizi Khattab peke yake. Kodi na mafuta yatamlia Hajar mchele wake."

Bi Mahfoudha akaweka kikombe chini. Alimwona mwanawe ugenini, gari kubwa mlangoni na sufuria tupu jikoni. Moyo ukamuuma.

"Wareno hawa!" alisema mwisho. "Maskati walitujengea mangome makubwa makubwa. Nani angedhani wataishia kwenye vigari?"

Ijumaa Khattab alipopiga simu, Sleiman akasema wamekubali. Bi Mahfoudha akamnyang'anya simu.

"Khattab, mwanangu, gari yako nzuri, usiibadilishe. Lakini nikija huko, mbele nnakaa mimi. Hajar atakaa nyuma."

Hajar alikuwa mlangoni, anasikiliza roho mkononi. Akamrukia mama yake shingoni.

"Nitakaa hata kwenye buti, mama, mradi niende!"

Wakaoana, akaenda. Mwezi wake wa kwanza kule alimwambia mama yake kwa simu kwamba kodi ya gari imelipwa, mafuta yamo, na pilau imeungua kwa sababu Khattab alikuwa akimchekesha.