Perege wa Filbert

Kila asubuhi Esther alimkatia ng'ombe majani, kisha akashuka bwawani. Lilikuwa bwawa dogo katikati ya migomba. Mumewe, Filbert, alilichimba kwa mikono yake akapandikiza perege. Jioni walikaa ukingoni wote wawili, wakitazama vifaranga vya samaki.

Filbert alifariki mwaka 1999. Tangu hapo, bwawani ndipo mahali pekee Esther alipoona bado wako pamoja. Lakini sasa vifaranga vilikonda, vikafa. Kila alipoviopoa, aliona kama anamzika mumewe tena.

Siku ya soko la Himo alimweleza Primus, bwana samaki, mtaalamu wa ufugaji wa samaki. Kesho yake Primus akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuponya au kuzika?"

"Nimekuja kuangalia, mama. Jeneza sikubeba."

Alichota maji kwa glasi, akampa Esther kioo cha kukuzia. Esther akaona wadudu wadogo kama punje za chumvi, wachache sana. Tumboni mwa mmoja mlikuwa na kitu cha bluu.

"Huyu kala nini?"

"Tufuate maji, tutajua."

Walipanda wakifuata mfongo, mfereji unaoleta maji kutoka mlimani. Palipobomoka, ukingo ulizibwa kwa viroba vya sandarusi vya bluu. Primus alipovigusa, vikapukutika vidoleni.

"Fundi wa hapa ni nani?"

"Mimi," alisema Esther. "Filbert alikuwa anaziba kwa mashina ya migomba na udongo. Mimi peke yangu siyawezi."

"Mama, sandarusi ni plastiki, haiozi. Jua linaikausha, inakatika hadi chembe usizoziona. Wadudu wanadhani ni chakula. Tumbo linajaa, mwili haupati kitu. Wanadumaa, wanazaa kidogo. Na vifaranga vyako vinaishi kwa kula wadudu hao."

"Basi nimewaua mimi."

"Hukujua. Ukirudia sasa, nitakugombeza."

Esther hakuzoea kuomba. Jioni hiyo alienda kwa jirani yake, mzee Melkior, akaomba msaada wa kuziba mfongo upya. Jumamosi watumiaji wa mfongo walitoka na majembe. Waling'oa viroba vyote, wakavipeleka dampo la mjini. Wakaziba kwa mashina na udongo, wakazoa tope la bwawani.

Baada ya masika vifaranga vipya vilionekana, vinene, vikifukuzana. Melkior alimkuta Esther ukingoni.

"Esther, unaongea na nani?"

"Na mwenye bwawa," alisema Esther. "Namwambia perege wake bado wapo."