Jina Lililorukwa

Jioni hiyo nilikuwa na kazi ndogo tu: kufungua kiti cha pembea na kukifungia ndani ya kibanda kabla ukungu haujapanda. Ndiyo sheria yetu pale Pointi. Kiti kikiachwa nje, vijana wa sokoni huja kukipanda gizani, na chini ya pembea ile hakuna uwanja. Kuna bonde.

Kama umewahi kupita barabara ya kutoka Kericho kwenda Kaplong, huenda umetuona. Ni pale ambapo mashamba ya chai yanateremka hadi mtoni na magari ya Nairobi yanasimama kando ili watu wapige picha majani ambayo sisi tumeyachuma mpaka vidole vikawa vyeusi. Kuna fremu ya mbao yenye umbo la moyo. Kuna farasi wawili wazee wa kupandwa na watoto. Kuna mahindi choma, na kuna chai yangu. Lakini wengi husimama kwa sababu ya pembea. Unakaa, unasukumwa, unapaa juu ya bonde ukipiga mayowe, unarudi ukicheka. Wageni wanatoka mbali kuja kununua hofu. Sisi wa hapa tunayo ya bure.

Pembea ile aliifunga mume wangu, Kiptum. Ndiyo iliyomuua.

Hivyo ndivyo watu wanavyosema. Mimi nasema aliuawa na ndugu yake, Weldon.

Kiptum alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi kabla ya wageni, alipakia magunia mawili ya mchanga kwenye kiti na kuyasukuma. Kamba ikishika mchanga, alisema, itashika mtu. Asubuhi ile alikuta Weldon ametangulia kufika, jambo la ajabu, maana Weldon na asubuhi hawajuani. "Nimeshapima," Weldon alimwambia. "Panda tu." Omollo, mpiga picha wetu, alikuwa karibu akifuta kamera yake, akasikia kwa masikio yake mwenyewe. Kiptum akapanda. Utakosaje kumwamini mtu mliyenyonya naye ziwa moja?

Nilipofika niliiona ncha ya kamba. Upande mmoja nyuzi zilikuwa zimechanika ovyo. Upande wa pili ulikuwa umekatwa, safi kabisa, kama mtu anavyokata sukumawiki. Jioni Weldon akaichoma kamba hiyo, akisema hataki kukiona kitu kilichomnyang'anya ndugu yake. Alilia sana, na watu wakamshika mabega. Ikaandikwa kuwa ni ajali. Omollo akaambiwa afunge mdomo ama atafute barabara nyingine ya kupigia watu picha. Na kwa kuwa mimi na Kiptum hatukujaliwa mtoto, Weldon akasema shamba lisilo na mrithi linarudi kwa ukoo, na ukoo wenyewe ulikuwa yeye. Mimi akaniachia meko ya chai. Watu wakamsifu kwamba ana huruma.

Nilibaki. Nilimpikia hata yeye chai. Kila nilipompa kikombe nilimwombea mabaya kimoyomoyo, kwa utulivu, kama mtu anayesali rozari. Nilimchukia mtu yule na sioni haya kusema.

Sasa Janeffer, mke wake, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto huyo alilia tangu alipofika duniani. Alikuwa hanyonyi, halali. Walimpeleka hospitali, wakaambiwa ni mzima. Mchungaji akaja akamwombea. Mtoto akalia hata wakati wa amina. Ndipo Kogo Taplelei, bibi mzee kuliko wote katika ukoo wao, akasema mtoto anatafuta jina lake.

Kwetu Wakipsigis hilo ni jambo kubwa. Linaitwa kurenet. Wanawake wanakaa na mtoto mchanga, wanamtajia majina ya wafu wa ukoo, moja moja, huku wakimsogezea ugoro kidogo puani. Jina atakalolipigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Mtoto asiyepata jina lake hudhoofika, na mwisho anarudi alikotoka. Weldon alikuwa amekataa katakata. Eti sisi ni watu waliookoka, mambo hayo ni ya zamani. Mimi nilijua anaogopa jina gani. Lakini siku hiyo mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa, na Janeffer akawaita wanawake kwa nguvu zake mwenyewe. Walianza alasiri.

Mimi sikualikwa.

Kwa hiyo nilikuwa Pointi, nikifunga kazi. Omollo alipita na begi lake akielekea stendi.

"Mama, wewe huendi huko kwa akina Weldon?"

"Nani ameniita?"

"Aya. Lakini usikae sana hapa, hii ukungu leo imekuja mbaya."

Akaenda. Nikashika njia ya kwenda kwenye pembea. Ukungu ulikuwa umeshapanda bondeni, ukameza chai, ukameza fremu. Barabara nilikuwa naisikia tu, siioni.

Krii... krii...

Nikasimama. Upepo haukuwepo.

Krii... krii...

Kulikuwa na mtu ameketi kwenye kiti. Alinipa mgongo, akitazama bondeni. Alivaa koti zito na gambuti. Nikadhani ni mgeni aliyeachwa na wenzake, maana wale wa Nairobi wanaweza kusahau hata mtu.

"Tumefunga," nikamwambia.

"Nisukume kidogo tu."

Sauti ilikuwa ya chini, imekauka. Nilitaka kumgombeza. Lakini nilipokaribia, ikanijia harufu. Harufu ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuganda, kilichotoka kusuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Moshi ule mtamu. Pale Pointi hakuna mtu anayeuza mursik. Kwangu nyumbani kibuyu cha mwisho kilikauka siku mwenye kibuyu alipozikwa.

Mikono yangu ikaenda mgongoni pake kabla sijaiamuru.

Koti lilikuwa limelowa, na chini ya koti palikuwa na baridi ya jiwe la mtoni. Nikasukuma. Alikwenda mwepesi, mwepesi mno, kama kiti kitupu. Ukungu ukamfunika... kisha akarudi. Nimesukuma migongo ya watu kwa miaka, mkono wangu unajua uzito. Alirudi mzito hata nikapiga hatua nyuma, nikazuia kwa kifua.

"Wananiruka," akanong'ona.

"Nani?"

"Wanataja wote... mimi wananiruka."

Nilijua shingo ile. Nilikuwa nikiinyoa mimi mwenyewe kila Jumamosi.

"Kiptum?"

Hakugeuka.

"Hapa kuna baridi, Tecla. Niingize nyumbani."

Pembea ikaenda yenyewe, ikaingia kwenye ukungu. Ikarudi.

Kiti kilikuwa kitupu. Lakini kamba zilikuwa zimekazika, zikilia kwa uzito.

Simu ikaita mfukoni nikaruka. Alikuwa Janeffer, akinong'ona kama mtu aliyejificha.

"Dada Tecla, kuja. Wametaja majina yote. Mtoto hapigi chafya. Miguu yake imeanza kuwa baridi. Tafadhali, kuja."

Nitasema ukweli wangu. Jambo la kwanza nililolisikia moyoni lilikuwa furaha. Nilisimama pale nikaipima, kama unavyopima chumvi. Nisipokwenda, mtoto ataondoka kabla ya asubuhi, na Weldon atajua nyumba tupu ina sauti gani usiku. Nikienda, nitamwingiza ndani ya nyumba yake mtu ambaye yeye mwenyewe alimuua. Yote mawili yalikuwa kisasi. Lakini Janeffer hakunikosea kitu. Nilipofiwa ndiye aliyenikamulia ng'ombe na kuniwashia moto bila kuambiwa. Na mtoto hakukata kamba.

Nikaenda.

Nyumba ya Weldon iko ng'ambo tu ya chai, mwendo mfupi, na kilio cha mtoto kilinipokea njiani, kimekuwa chembamba kama cha paka. Weldon alikuwa amesimama mlangoni. Akaniwekea mkono kwenye mwimo.

"Shemeji, umechoka na kazi. Rudi upumzike. Hapa wako watu."

"Mwache apite," Kogo Taplelei akasema kutoka ndani.

Walikuwa wameketi kwa duara, Kogo katikati akimpakata mtoto. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Kidole cha Kogo kilikuwa na ugoro, na uso wake ulikuwa umechoka.

"Tumemaliza," akaniambia. "Baba yao tumetaja. Babu zao wote tumetaja. Mpaka wale wa vita tumetaja. Hakuna anayeitikia."

"Kuna mmoja mmemruka," nikasema.

Wanawake wakatazama chini. Kisha mmoja baada ya mwingine wakamtazama Weldon.

"Yule alikufa vibaya," Weldon akasema. "Alikufa nje. Mtu kama huyo haitwi kwa nyumba."

"Nani amesema haitwi?" Kogo akauliza. "Mimi nilizaliwa kabla ya hii barabara na sijasikia hiyo sheria. Ni wewe umewaambia hawa?"

Weldon akaacha mlango. Alinijia pale nilipokuwa, akainama sikioni mwangu. Jasho lilikuwa likimtoka na nyumba ilikuwa ya baridi.

"Tecla, nitakurudishia shamba. Lote. Usitaje."

Alinong'ona, lakini kuna wakati nyumba inanyamaza hata mnong'ono unakuwa tangazo. Hata mtoto alikuwa ameacha kulia. Janeffer aliinua kichwa kwenye mto. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, na nikaona jambo likifunguka usoni mwake, kisha likafungwa.

"Taja, dada," akasema. "Mimi ndiye mama yake. Taja."

Kogo akaanza kusogeza kidole.

Nikasema, "Kiptum."

Ugoro haukuwa umefika puani.

Chafya!

Haikuwa chafya ya kichanga. Ilikuwa chafya nzito ya mwanamume mzima aliyekaa sana kwenye baridi, na taa ya meza ikatikisika. Wanawake wakapiga vigelegele, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Kogo hakupiga. Mimi pia sikupiga. Ile harufu ya mkaa wa senetwet ilikuwa imejaa chumba kizima, tamu, nzito, na kila mtu alijifanya haisikii.

Rangi ikarudi midomoni mwa mtoto. Akafumbua macho. Hakumtafuta mama yake, wala hakunitafuta mimi. Aligeuza kichwa polepole, kichwa ambacho bado hakikuwa na shingo ya kukibeba, akamtazama Weldon.

"Pokea ndugu yako," Kogo akasema. "Mkaribishe nyumbani kwa jina lake."

"Kogo, mimi..."

"Mpokee. Ama unataka arudi nje?"

Weldon akanyoosha mikono. Kogo alimweka mtoto juu yake kwa urahisi, mkono mmoja tu. Lakini Weldon alipompokea, mikono yake ikashuka ghafla. Akapiga goti moja. Kisha la pili. Mishipa ya shingo ilimtoka kama mtu aliyebebeshwa gunia la mchanga juu ya lingine.

"Karibu..." akasema. "Karibu nyumbani, Kiptum."

Mtoto akamshika kidole, akakikaza.

Tangu siku ile mtoto hana shida. Ananyonya, analala, ananenepa, na kliniki wanamsifu Janeffer. Watu wanasema amefanana na marehemu, na wengine wanajibu kwamba damu ni moja, mnashangaa nini? Wanawake wananitania sokoni: "Tecla, mume wako amerudi, umempelekea nini leo?" Ni utani wetu wa siku zote kwa mtoto aliyepewa jina la mume wa mtu. Nami nacheka nao.

Janeffer hajaniuliza kitu. Alihamisha kitanda chake chumba kingine, basi. Mtoto hakubali kulala huko. Giza likianza kuingia anapiga kelele mpaka awekwe kwa Weldon, na kwa Weldon ndiko anakolala, juu ya kifua. Mikononi mwangu ni mwepesi kama mtoto yeyote. Mikononi mwa Janeffer vilevile. Weldon peke yake ndiye anayetoka jasho. Amekonda hadi mshipi wake umetobolewa matundu mapya, na usiku, Janeffer anasema, anapumua kama mtu aliyekaliwa.

Nimefurahi, sitadanganya. Lakini jioni moja nilimwonea huruma Janeffer, ambaye amekuwa akilia akikamua. Nikambeba mtoto nikamtoa nje, nikamnong'oneza, "Kiptum, inatosha sasa. Mwache." Mtoto alikuwa akicheza na kifungo cha sweta yangu. Akaacha. Akainua macho akanitazama, kama mtu mzima anavyomtazama anayemkatiza kazini, bila hasira wala upendo. Kisha akarudi kwenye kifungo chake. Sijamwambia tena.

Jana Weldon alikuja kwenye meko yangu, wageni wakiwa bado wengi. Alikaa kwenye benchi kwa shida akishika mgongo. Hakutazama bonde.

"Shemeji," akasema, "huyu mtoto anataka nini kwangu?"

Nilimmiminia chai. Nikamwekea sukari, nikakoroga, nikamkabidhi kikombe kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka.

"Muulize mwenyewe," nikamwambia. "Karibuni ataanza kuongea."