Kiti cha Dirishani

Saa ya chakula, ngazi za kampuni ya bima pale Hartford zilijaa wasichana wa sketi za kubana na midomo myekundu. Katikati yao Emmett Delaney alijikwaa, sanduku zima la kadi za matundu, zile za kulishia kompyuta, likamwagika.

"We kaka, huko unakotazama kuna nini?" Noreen Kowalczyk alimcheka, akiinama kumsaidia.

"Kuna wewe."

Basi, penzi likashika moto, hata pete ikaanza kutajwa. Noreen alikuwa mgeni kazini, mhakiki. Mwenzake alitoboa kadi kwa kuchapa jina la mteja, naye akalichapa tena kwenye mashine ya pili, kadi ikiwa ileile. Wakitofautiana, taa nyekundu iliwaka. Wakipatana, mashine ilikata pengo dogo pembeni mwa kadi.

Siku moja ya theluji, mawazo yakiwa kwa Emmett, vidole vyake vilichapa EMMETT DELANEY mahali pa jina la mteja. Akangoja taa nyekundu. Haikuwaka. Kadi ikakatwa pengo.

Kumbe aliyeitoboa naye alikuwa na jina hilohilo vidoleni! Bunda lile la kadi alikuwa ameletewa na binti mmoja akaaye dirishani, wa gauni la kijani, asiyesalimia mtu. Wivu ukampanda, akanyakua simu, akampigia Emmett ghorofa ya chini.

"Emmett, yule wa dirishani ni nani wako?"

"Dirishani hakai mtu, mpenzi."

"Usinifanye mtoto! Mwenye gauni la kijani!"

Emmett alishusha sauti.

"Lucille," alisema. "Tulikuwa tuoane. Alikufa kabla ya Pasaka iliyopita. Hata mazishini sikwenda, Noreen. Niliogopa."

Noreen aligeuka. Kiti kilikuwa kitupu, mashine imefunikwa, waya umechomolewa.

"Njoo umuage," alisema huku analia. "Usipomuaga, mimi na wewe basi."

Emmett alipanda mbio, tai imepinda. Mbele ya wasichana wote akapiga goti kando ya kile kiti.

"Lucille, nisamehe. Nimempenda mwingine. Nenda salama."

Chini ya kifuniko, mashine ikanguruma. Ikatema kadi moja.

Noreen aliiokota. Ilikuwa baridi kama barafu. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Haikuwa na tundu hata moja; jina la Emmett halikuwemo tena.

"Ameondoka," alinong'ona.

Emmett akataka kuinuka.

"Kaa hapohapo na goti lako," Noreen alimwambia. "Ila sasa geukia huku."