Gari Lisilo na Paa

Saa kumi na moja kasoro robo alasiri, Jumamosi ya pili ya Novemba 1959, Bi Siti binti Abrahman alifungua mkoba wake mweupe mbele ya soko la Chake Chake, akautikisa, akaugeuza juu chini, kisha akasema bangili yake ya dhahabu imeibiwa. Alikuwa angali amekaa juu ya gari, wala hakushuka. Alimnyooshea kidole dereva na kusema, mbele ya wauza muhogo na kila aliyekuwa akipita, kwamba mwizi ni yule pale.

Dereva wakati huo alikuwa ameinama akiweka mawe chini ya matairi. Alinyanyuka na jiwe mkononi, akatazama nyuma yake kuona ni nani anayeambiwa.

Koplo Silima Jecha wa kituo cha polisi alikuwa ng'ambo ya barabara akinywa kahawa. Alikiweka kikombe chini na kuvuka. Gari lile alikuwa akilidharau tangu siku ya kwanza, na sasa limempa kazi.

Mwenye gari ni Ahmada Soud. Mpaka mwezi uliopita lilikuwa gari la shamba kama mengine, likichukua watu, kuku na magunia. Ahmada akalikata paa, akalipaka rangi ya manjano, akaliandika ubavuni TAZAMA PEMBA, akaanza kuwatembeza wageni wa meli kutoka Unguja, wamekaa juani kama mizigo. Silima hakujua watazame nini. Chake ni mji ambao mtu anaumaliza kwa miguu na kurudi kahawa yake haijapoa. Kuna ngome iliyobomoka, kuna soko, na kuna ghuba ambayo maji yakitoka inabaki tope. Mtu kusafiri baharini usiku kucha ili aje aone tope la mwenzake, hiyo kwake ilikuwa aina ya maradhi.

Ahmada alikuwa amesimama mbele ya gari, mwavuli kwapani, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, safi mbele na nyuma, kama bwana harusi. Alisema kwa masikitiko kwamba si vizuri kumdhania mtu, lakini, ili roho zitulie, pengine Koplo atazame sanduku la spana chini ya kiti cha dereva.

Silima akalitazama. Sanduku halikuwa na kufuli. Bangili ilikuwa humo katikati ya spana, imefungwa katika kitambaa.

Dereva aliitwa Nyange, mtu wa miaka arubaini na tano, ambaye babu yake alitoka bara na yeye mwenyewe hajawahi kuiona bara. Alikuwa ameshika usukani miaka kumi na tisa bila kugonga hata bata. Aliitazama ile bangili kama mtu aliyekuta nyoka kitandani.

"Si mimi," alisema.

Kituoni Inspekta alifurahi. Kesi zinazojimaliza zenyewe alizipenda sana, maana alikuwa mvivu. Alisema mali imepatikana, mwizi amepatikana, Jumatatu mahakamani. Kwa Nyange maana yake ilikuwa jela, na akitoka jela leseni hana, na hata angekuwa nayo, ni nani Pemba nzima atakayempa gari mtu aliyeitwa mwizi sokoni? Silima aliomba muda. Inspekta alitazama saa ya ukutani.

"Wageni wanaondoka kesho saa nne kwenda Mkoani kupanda meli. Una mpaka saa tatu asubuhi. Baada ya hapo usinichoshe."

Silima alianza na mwenye mali. Bi Siti alikuwa amefikia katika nyumba ya wageni, mke wa karani mkubwa wa Unguja, na alimpokea Koplo bila kumkaribisha kukaa. Maelezo yake yalikuwa hivi: saa tisa na nusu gari lilisimama Tibirinzi ili wageni wazione karafuu zikianikwa. Aliivua bangili kwa sababu mkono ulikuwa umevimba kwa joto, akaitia mkobani. Saa kumi kasoro dakika kumi matone ya kwanza yalipoanguka alifungua mkoba kutoa leso, na bangili ilikuwemo. Mvua ikashuka kwa nguvu. Wageni wote wakakimbilia barazani kwa Bi Kijakazi, mwenye karafuu. Mkoba aliusahau kitini. Mvua ilinyesha robo saa, wakarudi garini, na mkoba hakuufungua tena mpaka sokoni.

"Uliusahau, au uliuacha?" Silima aliuliza.

"Niliuacha. Nilidhani niko miongoni mwa watu."

"Na sasa?"

"Sasa nimejua niko Pemba."

Silima aliuomba mkoba, akaufungua na kutia pua ndani. Ulinuka marashi tu. Kitambaa cha ndani kilikuwa cha hariri nyeupe, hakina alama hata moja. Kile kitambaa kilichofungiwa bangili nacho alikuwa amekinusa. Kilikuwa kisafi vilevile.

Bi Siti aliuliza kama hivi ndivyo polisi wa huku wanavyofanya kazi.

"Ndivyo," alisema Silima, akaenda zake.

Alirudi kituoni kumwona Nyange. Dereva alieleza polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Mvua ilipoanza alikuwa usukanini. Uwanja wa Bi Kijakazi ulikuwa umejaa majamvi ya karafuu. Aliruka, akakimbia kuanua.

"Nani alikwambia uende?"

Nyange alimtazama kama aliyeulizwa nani alimfundisha kupumua. "Karafuu za mtu zinanyeshewa, Koplo. Utangoja kualikwa?"

Alikusanya mpaka jamvi la mwisho. Mvua ilipokatika alitangulia garini, akafuta viti. Mkoba aliukuta pale, akausogeza kwa kiwiko.

"Kwa nini kiwiko?"

Nyange alinyoosha viganja. Vilikuwa vimeingia weusi mpaka kwenye kucha, na harufu ya karafuu ilijaza chumba. Alisema kwamba ameosha kwa sabuni mara mbili.

Silima akamuuliza kama yuko mtu anayemtakia mabaya. Nyange alifungua kinywa, akakifunga. Alisema kwamba chumvi ya Ahmada ameila miaka sita, na hataki kusema jambo asiloliona kwa macho. Silima alimwambia kwamba adabu ya namna hiyo huliwa na kunguni wa jela.

Saa kumi na mbili kasoro robo Silima alikuwa Tibirinzi. Bi Kijakazi, mjane mnene mwenye maneno mengi, alikuwa ukumbini akizitandaza karafuu zilizolowa zisishike joto. Zilikuwa zimechumwa jana yake, bado mbichi, nyekundu kwa kijani. Silima akaangalia nje. Majamvi yote yalikuwa yameanuliwa ila moja kubwa kando ya barabara, lililojaa vitu vya rangi ya kahawia, vimelowa chapachapa.

"Haya hukuyaanua, Bi Kijakazi?"

"Makonyo? Mvua inashuka, karafuu zangu ziko nje, mie nihangaike na makonyo?" Bi Kijakazi alicheka. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Yakipata jua siku chache huwa kahawia, na kwa mbali mtu anaweza kudhani ni karafuu kavu. "Hayakuguswa na mtu hayo. Karafuu kavu nazo sina hata pishi, zote nilishazipeleka kuuza."

Silima akamuuliza ni nani walioanua naye. Alisema Nyange ndiye aliyefika wa kwanza, kisha majirani. Zaidi hajui. Kichwa chake kilikuwa chini, akiona mikono tu.

"Na wageni?"

"Walikaa barazani wakitutazama kama sinema. Ila yule mwalimu mwenye kamera alipotea. Kaniachia mashaka."

Mwalimu huyo aliitwa Msellem, kijana wa Unguja mwenye tai. Silima alimkuta kabla ya magharibi akiandika barua. Mwalimu alikiri kwamba aliondoka barazani kama dakika kumi. Alisema alikuwa akiipiga picha mvua.

"Kwa kamera gani?"

"Yangu."

"Yako ilikuwa barazani, mwalimu. Bi Siti aliishika mapajani isinyeshewe. Kaniambia mwenyewe."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Uso ulimwiva. Akaulizwa tena, akadanganya tena, safari hii kwamba alikuwa akiswali. Silima alisimama, akasema basi watakwenda wote kituoni na huko atawaonyesha alielekea kibla gani. Hapo ndipo kijana alipokaribia kulia. Alikuwa amekula duriani nzima asubuhi, gari likamyumbisha mchana kutwa, na mvua ilipoanza alikimbilia nyuma ya jiko la Bi Kijakazi akatapika. Bibi mmoja jirani alimpa limau anuse. Alimwomba Koplo asiwaambie wenzake.

Silima alituma mtu kwa yule bibi. Jibu lilirudi kwamba ni kweli, na kwamba kijana alitapika juu ya mchicha.

Asubuhi saa tatu kamili wote walikuwa ofisini kwa Inspekta: Bi Siti na mwalimu wamekaa, Bi Kijakazi amekaa sakafuni kwa kupenda mwenyewe, Nyange amesimama kati ya maaskari wawili. Ahmada Soud alikuwa karibu na dirisha, akijipepea kwa upepeo. Alikuwa amekuja, alisema, kumwombea dereva wake huruma.

Silima alianza na mkoba. Aliuweka mezani wazi na kumwita Nyange anyooshe mikono juu yake. Bado ilikuwa myeusi.

"Bangili ilikuwemo mvua ilipoanza," alisema. "Tangu tone la kwanza mtu huyu alikuwa na karafuu mbichi mikononi. Aliporudi garini mikono ilikuwa hivi, tena imelowa. Angeitia mikono humu, hariri hii ingekuwa na vidole vyake mpaka Kiyama. Aliyefungua mkoba hakugusa karafuu."

"Basi ni mgeni," alisema Inspekta, akimtazama mwalimu bila kupenda.

"Wageni walikuwa barazani wanatazamana. Huyu mwalimu alikuwa mahali pengine na shahidi wake ninaye. Hakuna mgeni aliyejua kama chini ya kiti kuna sanduku la spana. Bwana Ahmada, wewe ulikuwa wapi?"

Ahmada alitabasamu. "Koplo, mimi ni Mpemba. Baba yangu alikuwa na mikarafuu mia tatu. Mvua inashuka nitakuwa wapi? Nilianua kama wenzangu."

"Ulianua zipi?"

"Za jamvi kubwa, kando ya barabara. Zile zilizokwisha kauka. Ndizo zenye hasara zikilowa. Nilizizoa zote nikaziingiza ukumbini."

Bi Kijakazi alianza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ukaya wake wa kichwani.

"Ahmada mwanangu," alisema, "mtoto wa mikarafuu mia tatu. Yale ni makonyo. Yamelala nje, yako mpaka sasa, nenda kayatazame."

Upepeo ukasimama mkononi mwa Ahmada. Alisema labda alikosea jamvi. Silima alimwambia kwamba mtu aliyezoa kwa mikono yake hakosei, hata akiwa kipofu. Anayekosea ni yule aliyesimama kando ya gari la manjano akitazama kwa mbali.

"Na kanzu yako," aliongeza. "Jana nilikuona nayo sokoni. Watu walikuwa wameloa mpaka mifupani, na wewe pasi ilikuwa bado imesimama. Ulikuwa na mwavuli, peke yako, ubavuni mwa gari, na mkoba umekaa kitini. Halafu ni wewe uliyeniambia nitazame sandukuni."

"Niibe bangili ya nini? Mimi?"

"Hukuitaka bangili. Ungeitaka usingeiweka tuione. Nyange, mawe unaweka ya nini chini ya matairi, na pale sokoni ni tambarare?"

Nyange alimtazama tajiri wake kwa mara ya kwanza. "Breki hazishiki, Koplo. Tangu paa lilipokatwa, bodi nalo linacheza. Nilimwambia mara tatu. Nikamwambia kwamba Jumanne akija mkaguzi wa magari nitamweleza, maana mlima wa Mkoani siushuki tena na watu ndani."

Inspekta alikunja uso. Tangazo la mkaguzi lilikuwa limebandikwa mlangoni pake wiki nzima.

"Gari likifungwa, TAZAMA PEMBA imekwisha," alisema Silima. "Lakini mkaguzi hatamsikiliza mwizi. Kweli si kweli?"

Ahmada aliketi bila kuambiwa. Kanzu ilijikunja, hakuinyoosha. Alisema kwamba hakukusudia dereva afungwe, angekuja kumwombea, angemtafutia hata kazi nyingine. Alitaka tu asisikilizwe. Kisha hasira ikaishinda haya.

"Miaka yote hii nampa usukani. Mtu wa kuja, ananitisha mimi na gari langu?"

"Mtu wa kuja ndiye aliyeanua karafuu," alisema Bi Kijakazi. "Mwenye kisiwa kasimama na mwavuli."

Ahmada alipelekwa chumba cha nyuma. Inspekta aliamuru gari lizuiwe lilipo. Bi Siti alivaa bangili yake, akasimama, akamwambia Inspekta kwamba amfikishie dereva masikitiko yake.

Dereva alikuwa hatua mbili kutoka kwake.

"Niko hapa, Bi," alisema Nyange.

"Basi umesikia. Nimesikitika."

"Hukuniita mwizi humu ndani. Uliniita sokoni."

Bi Siti alimtazama Inspekta amwokoe. Inspekta aligundua karatasi za kusoma. Silima alifungua mlango na kuushikilia.

Saa tatu na nusu soko lilikuwa limejaa. Bi Siti alisimama mbele ya wauza muhogo na kusema, akitazama viatu vyake, kwamba dereva Nyange hakuiba. Muuza muhogo mmoja akamuuliza mwenzake kasema nini yule. Nyange alingoja, mikono yake myeusi nyuma ya mgongo. Bi Siti akavuta pumzi, akanyanyua uso, akasema tena, kwa sauti, akimtaja dereva kwa jina lake kamili.

Nyange aliitikia kwa kichwa. Mwalimu Msellem alisogea, akamuuliza kwa upole sasa ni nani atakayewapeleka melini.

"Mkoani ni kule," alisema Nyange akimwonyesha barabara, akaenda nyumbani kwake kunywa chai.