Mgongo wa Koplo Mursal

Koplo Mursal Barre alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi, na matundu mawili ya risasi yalikuwa mgongoni mwake.

Inspekta Njogu alipiga magoti kando yake. Katika msako huu alikuwa amewaombea vijana wake wote kwa Mungu, na Mursal ndiye aliyemwombea kidogo kuliko wote. Aliona kama hana haja. Mursal alijua kusoma nyayo kuliko mbwa wa kikosi, na porini alikuwa mtulivu kuliko hata akiwa kantini.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1981. Walikuwa ng'ambo ya machimbo ya mawe, kule nyumba za Dandora zilikokoma na nyika ikaanza kuteremkia Mto Athi, miiba na makorongo matupu. Majambazi wawili, Muturi na Ngigi, walikuwa wametoroka kutoka kwenye lori la magereza, wakamuua askari jela, wakamuua na mlinzi wa ghala huko Industrial Area, kisha wakazama humo. Polisi waliwawekea mtego, wakauruka. Waliwazungushia mwingine, wakauruka pia. Ungedhani mipango ya kituo wanasomewa wao kwanza.

Sajini Gachanja alikuwa ameketi juu ya jiwe, kofia mkononi. Koti lake lilikuwa limelowa damu kifuani.

"Sema," Njogu alimwambia.

"Tulikuwa tunafuata nyayo, afande. Yeye mbele, mimi nyuma. Mara wakatokea."

"Wote wawili?"

"Wote. Nikalala chini. Yeye hakulala. Akasimama akaongea nao, kama watu anaowajua. Alipogeuka kurudi kwangu, wakampiga."

"Na hii damu?"

"Nilimkumbatia nikimgeuza. Nilidhani bado anapumua."

Njogu alimshika bega. Walikuwa wameanza kazi pamoja, wakaishi chumba kimoja kota za polisi, pazia likiwatenganisha. Gachanja ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa Jecinta, binti yake Njogu. Alipowapanga askari wawili wawili kwa ajili ya msako, Njogu alimpanga Mursal na Gachanja, kwa kuwa hakumwamini mtu yeyote zaidi ya Gachanja.

Shanta ya marehemu ilikuwa wazi kando yake. Karibu nayo, vitu kama chapati nyembamba zenye vitundu vilikuwa vimemwagika majanini, na siafu walishavivamia. Njogu aliviruka, akamwambia konstebo mmoja aibebe shanta.

"Nimeona moshi kule juu, afande," Gachanja alisema. "Niruhusu nitangulie. Wewe ngoja machela."

Alitangulia. Haukupita muda akapiga filimbi.

Walikuta maficho chini ya mwamba. Jivu lilikuwa bado na joto. Kulikuwa na mifupa ya mbuzi, ngozi yake ikiwa imetandazwa juu ya kichaka, na karatasi za mkate, mkate ule ule unaouzwa kantini ya kituo. Na katikati ya mifupa palikuwa na bakuli la bati la polisi. Ndani yake mlikuwa na mafuta yaliyoganda na kipande cha mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu. Pembeni mwa bakuli, kwa ncha ya msumari, palichorwa jina: M. Barre.

Makonstebo walitazamana.

"Baba Jecinta," Gachanja alinong'ona, "sikutaka kulisema mbele ya vijana. Huyu jamaa alikuwa anakula nao. Ndiyo maana walikuwa wanatuponyoka."

 Njogu alimkumbuka Mursal akicheka na vijana barazani, akamchukia. Ndiyo, alimchukia maiti. Aliposaidia kuipandisha machela kwenye gari hakuitazama tena.

Mkuu wa kituo hakuhitaji maelezo marefu.

"Mgongoni?"

"Mgongoni, afande. Daktari amethibitisha. Risasi zimepigwa kwa karibu."

"Basi hakuna bendera, hakuna saluti. Watu wake wamzike kimya kimya. Na mke wake ahame kota."

"Afande, labda tufanye uchunguzi kwanza..."

"Uchunguzi gani? Umeliona bakuli. Wale watu ndivyo walivyo, Njogu. Nenda ukamwambie mama."

Njogu alipiga saluti akatoka. Neno lile la "wale watu" lilimkera, lakini hakulijibu. Baadaye angejiuliza sana kwa nini.

Kota zilikuwa zimejaa wanawake wa Kisomali wa Eastleigh waliokuja kumliwaza Khadro, mjane wa Mursal. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, bintiye Anab amemlalia mapajani. Njogu alivua viatu mlangoni.

"Pole, Mama Anab."

"Tunamzika leo, baada ya swala ya alasiri," Khadro alisema. "Umekuja kunipa pole au kunifukuza? Habari zimekutangulia, Inspekta. Wanasema mume wangu alikuwa akila na wauaji."

"Bakuli lake limekutwa mafichoni kwao."

"Lilikuwa na nini?"

"Nyama ya mbuzi. Na mutura."

Khadro alimkazia macho, na machozi yalimkauka.

"Mutura," alirudia. "Mume wangu. Inspekta, Jecinta alipobatizwa, nani aliyemchinja mbuzi wako?"

Njogu aliikumbuka vizuri asubuhi ile. Alikuwa amemwita Mursal kabla ya wageni wote, amchinje mbuzi kwa mkono wake na kwa jina la Mungu wake, ndipo naye aweze kula na wenzake. Aliyemshika mbuzi miguu alikuwa Gachanja.

"Leo alfajiri ulimpakia nini?" aliuliza polepole.

"Anjera. Nilizijaza kwenye bakuli hilo hilo la bati." Khadro alifunua sahani iliyokuwa kando yake. "Hizi ndizo zilizobaki. Anab hajataka kula."

Njogu alitazama. Zilikuwa nyembamba, laini, zenye vitundu.

Aliinuka ghafla hata mtoto akashtuka. "Mama Anab, msihame hapa," alisema. "Msihamishe hata kijiko."

Ghala la vielelezo lilikuwa nyuma ya kituo. Njogu alifunga mlango, akaitandaza ile ngozi ya mbuzi mezani, akaipapasa shingo kwa vidole. Ilikuwa na mkato mmoja tu wa wima, wa kuchunia, kuanzia kidevuni kushuka tumboni. Mkato wa koo haukuwapo.

Aliujua uchinjaji huo tangu utotoni. Mbuzi huzibwa pua na mdomo mpaka atulie, damu ibaki ndani kwa ajili ya mutura. Na mtu anayejificha ana sababu nyingine ya kumnyonga mbuzi: hapati nafasi ya kulia. Mwislamu aliyeshindwa kula nyama ya kantini kwa kutojua nani ameichinja asingeigusa hii hata kwa njaa ya siku kumi.

Kumbe bakuli lilikuwa na anjera mpaka pale Mursal alipoanguka. Lilimwagwa pale, kando ya maiti, kisha likapelekwa kule juu kwenye mifupa. Na mpaka Njogu alipofika, mtu mmoja tu alikuwa na ile maiti. Mtu huyo huyo ndiye aliyeomba kutangulia.

Njogu aliegemea ukuta. Alitamani sana awe amekosea.

"Niitie Sajini Gachanja," alimwambia konstebo.

Gachanja aliingia akipangusa mikono. Alikuwa ameshabadilisha koti.

"Afande."

"Shika shingo hiyo. Nitafutie mahali kisu cha Mursal kilipopita."

Gachanja aliishika ngozi. Vidole vyake vilikwenda, vikarudi, vikasimama.

"Uliyeshika miguu ya mbuzi nyumbani kwangu ni wewe," Njogu alisema. "Ulisahau vipi?"

"Afande, labda alikuwa na njaa..."

"Anjera zake nimezikuta majanini. Nani aliyezimwaga?"

Gachanja aliiachia ile ngozi.

"Nimekuuliza, Gachanja. Nani aliyezimwaga?"

"Mimi."

"Mkate wa kantini?"

"Mimi."

"Na mipango yetu?"

Gachanja aliketi bila kuambiwa. "Muturi ni ndugu yangu," alisema. "Tumbo moja, baba mbalimbali. Ndiyo maana majina hayafanani."

"Miaka yote hii hukuwahi kuniambia una ndugu."

"Ningekuambia nini? Kwamba ni jambazi? Ningevuliwa magwanda siku hiyo hiyo. Mama alipokuwa anakata roho aliniachia huyo mtoto mkononi. Nilitaka avuke tu Athi, aende zake, asionekane tena."

"Mlinzi wa ghala naye alikuwa na mama. Mursal ameuawa vipi?"

Gachanja alijifunika uso.

"Sema!"

"Jana aliniona nikificha mkate chini ya jiwe. Hakukuletea habari. Aliniambia, 'Sajini, nenda mwenyewe kwa Inspekta useme. Ni rafiki yako, atakusikiliza. Nakupa mpaka kesho.' Leo nikampeleka njia ya korongo kwa sababu nilijua hawapo huko. Kumbe walikuwa wameshahama. Tukawakuta uso kwa uso. Ngigi akadhani nimewauza. Akanielekezea bunduki mimi, Baba Jecinta. Mimi."

"Halafu?"

"Mursal akanirukia. Akanikumbatia hivi, kifua kwa kifua, akawapa mgongo. Nilisikia risasi zikimwingia. Hakupiga hata kelele. Muturi akamnyang'anya Ngigi bunduki, wakakimbia."

Njogu aliikunja ile ngozi ya mbuzi.

"Mtu amekufa juu ya kifua chako," alisema, "nawe ukachukua bakuli lake."

"Niliogopa. Nilijua mkifika mafichoni mtaiona mikate, mtauliza ni polisi gani. Nikawaza, yeye ameshakufa, haumii tena. Na nilijua hakuna atakayeuliza mara mbili." Aliinua macho mekundu. "Msomali, afande. Wewe mwenyewe uliamini."

Njogu aliipokea sentensi hiyo kama kofi. Aliufungua mkanda wa Gachanja kwa mikono yake mwenyewe, akachukua bastola.

"Wako wapi?"

"Kwa dada yetu Lydiah. Mukuru kwa Njenga."

Muturi na Ngigi walikamatwa Mukuru kabla ya alasiri, wakiwa wamelala na buti miguuni. Mkuu wa kituo aliisoma taarifa ya ungamo, akaomba kofia yake, akatoa bendera kabatini bila kumtazama Njogu. Koplo Mursal Barre alizikwa Kariokor kwa saluti ya kikosi kizima.

Baada ya mazishi Njogu alirudi kota. Khadro alitoka mpaka kibarazani, bendera iliyokunjwa ikiwa kifuani mwake.

"Wameniambia alikufa akimkinga mwenzake," alisema.

"Ndiyo, Mama Anab. Ndiyo maana alipigwa mgongoni."

"Basi nina ombi moja. Ulimpanga na nani? Mtu huyo lazima anateseka sana moyoni. Mwambie aje anywe chai hapa, nimwambie asijilaumu."

Njogu alivua kofia. Aliketi kwenye ngazi ya baraza.

"Nilimpanga na rafiki yangu," alisema, akaanza kumweleza.